Maswali yenu: Chuo kinataka kujua kinachafua kiasi gani, tuanzie wapi?

Mwezi huu naona vyuo vimeamka. Kila chuo sasa kina kamati ya mazingira, au kina klabu, au kina mtu mmoja kabebeshwa mzigo wa "ripoti ya kaboni" bila kupewa hata flashi ya kuhifadhia. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, mengine nimeyakata kidogo maana mlikuwa mnaandika kama mnafanya mtihani wa insha.

Shikamoo Anko. Niko mwaka wa tatu, chuo cha serikali hapa Dar, ni katibu wa klabu ya mazingira. Uongozi umetuambia tuandae ripoti ya nyayo za kaboni za chuo kizima, yaani jumla ya hewa chafu inayopasha dunia joto ambayo chuo kinasababisha kwa mwaka, na tumepewa semista moja. Hatuna kifaa cha kupima hewa, hatuna bajeti, na tukiingia mtandaoni tunakutana na mafomu ya Ulaya yanauliza habari za kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Kwanza kifaa cha kupima hewa hamkihitaji kabisa. Watu wanadhani kupima kaboni ni kusimama na mashine pembeni ya bomba la moshi, kumbe hii kazi ni ya uhasibu zaidi kuliko ya maabara, unatafuta chuo kimechoma nini na kimenunua nini kwa mwaka mzima halafu kila kitu unakizidisha na namba yake. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kilo 2.68 za hewa ukaa (kaboni dayoksaidi), petroli kama kilo 2.3, gesi ya mtungi kilo moja inatoa karibu kilo 3. Hizo hazijali uko Dar au Denmark, ni kemia tu. Genereta ikinywa lita 10,000 kwa mwaka hapo ushapata tani 26.8, andika, nenda mstari unaofuata.

Ngumu ni kuzipata hizo lita zenyewe. Hapa ndio mtajua chuo chenu kinaendeshwaje kwelikweli. Bili za umeme ziko kwa mhasibu au ofisi ya miliki, mafuta ya magari yako kwa afisa usafirishaji, kuni na gesi ziko kwa mzabuni wa jikoni, manunuzi yako kwa watu wa ugavi, na hakuna ofisi hata moja yenye picha nzima. Kwahiyo kabla ya kufungua Eksel nendeni mkachukue barua ya Makamu Mkuu wa chuo inayosema "wapeni hawa vijana ushirikiano", bila hiyo barua mtazungushwa mpaka semista iishe.

Halafu nendeni kwenye kibanda cha genereta wenyewe, msitume mtu. Pale ndani huwa kuna kaunta buku lenye madoa ya oili, limechorwa kwa rula: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, masaa yaliyosoma kwenye mita, lita zilizojazwa, sahihi. Hilo daftari ni dhahabu. Chukueni masaa ya mwaka mzima mlinganishe na lita zilizolipiwa kule uhasibu, genereta ya kVA 100 (hicho ni kipimo cha ukubwa wake) ikibeba mzigo wa robo tatu hivi inakunywa kama lita 16 mpaka 18 kwa saa, sasa kama hesabu ya daftari na ya risiti zimepishana mbali sana basi kuna dizeli inayoungua sehemu nyingine ambayo sio kwenye genereta. Hilo sio swali la mazingira na wala sikutumi ukamchongee mtu, lakini kwenye ripoti andikeni namba zote mbili.

Mipaka nayo muiamue mapema na muiandike ukurasa wa kwanza. Je mnahesabu hosteli za kupangisha zilizo nje ya geti? Tawi la benki lililoko ndani ya kampasi? Mgahawa wa mtu binafsi anayelipa pango? Hakuna jibu moja, ila mkishaamua msibadilishe mwakani, maana chuo kinachotoa hosteli moja nje ya hesabu kinaonekana kimepunguza uchafuzi wakati hakijazima hata taa moja. Utaratibu unaotumika duniani, ule wa GHG Protocol (mwongozo wa kuhesabu gesi zinazopasha dunia joto) uliotoka mwaka 2001, unagawa mafungu matatu: la kwanza ni vile mnavyochoma au kuvujisha wenyewe (genereta, magari ya chuo, jiko, gesi za AC), la pili ni umeme mnaonunua, la tatu ni mengine yote kuanzia safari za wahadhiri, watu kuja na kurudi chuoni, taka, mpaka kompyuta na saruji mnazonunua.

Umeme una mtego wake. Uniti mnazotumia lazima mzizidishe na namba ya gridi ya Tanzania, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila uniti, ya mwaka huohuo, sio ya Uingereza sijui ya wapi mliyoikuta kwenye fomu. Gridi yetu ni mchanganyiko wa maji na gesi asilia na inabadilika haraka, bwawa la Nyerere ni megawati 2,115 na mashine yake ya kwanza ilianza kuzalisha mapema 2024. Maana yake gridi ikizidi kuwa safi tani zenu zitashuka hata kama nyie mmeongeza AC kila ofisi, na uongozi utapiga picha na cheti. Ndio maana nasema kila penye tani wekeni na uniti pembeni, uniti kwa mwanafunzi na uniti kwa mita ya mraba ya jengo. Uniti hazijui siasa.

Na tatizo jingine mtakalokutana nalo, vyuo vingi vikongwe vina mita moja kubwa ya TANESCO kwenye substesheni halafu ndani huko kila jengo linajilia tu. Muombeni fundi umeme wa chuo apite na klampu mita (kile kifaa kinachobana waya na kusoma umeme unaopita) kwenye paneli za majengo makubwa, mchana mara kadhaa na usiku mara kadhaa, mtapata picha ya kutosha kujua nani mlaji. Ya usiku ndio tamu zaidi. Someni mita kubwa saa nne usiku siku ya sikukuu chuo kikiwa kimefungwa, mkaisome tena saa kumi na moja alfajiri, hizo uniti zilizoliwa hapo katikati hazikumfundisha mtu chochote, tafuteni zimekwenda wapi. Mara nyingi ni taa za korido, AC za ofisi zilizosahaulika, chumba cha seva kilichopozwa kama mochwari, na mafriza ya maabara. Yale mafriza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yakizeeka yanaweza kula uniti 20 kwa siku kila moja, na sampuli nyingi zinakaa salama tu kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri ambapo linakula pungufu kwa karibu theluthi. Ila muulizeni mwenye sampuli kwanza tafadhali, kuna mtu PhD yake yote iko mle.

Fungu la tatu lisiwameze. Chuo cha De Montfort kule Leicester walipopiga hesabu ya mwaka 2008/09 walikuta karibu tani 51,000, na zaidi ya theluthi ilikuwa ni manunuzi tu, vitu vinavyoingia getini kwa lori. Kwa hiyo ni fungu kubwa kweli, lakini nyie mwaka wa kwanza chukueni mawili tu, safari za ndege (tiketi ziko uhasibu) na usafiri wa kila siku. Usafiri simameni vituoni na getini asubuhi muulize watu wachache wa kila kundi, umetoka wapi, umekuja na daladala, mwendokasi, boda, gari yako, au miguu. Msitume fomu ya Google kwenye grupu la WhatsApp, watajaza wale wale wanaopenda mazingira na mtaambiwa nusu ya chuo inatembea kwa miguu.

Anko mambo. Mimi ni fundi AC, nina kandarasi na chuo kimoja kanda ya ziwa. Kila baada ya miezi michache najaza gesi mashine zilezile. Sasa kuna dogo wa kamati kaja ananiuliza nimejaza kilo ngapi mwaka huu eti inaingia kwenye ripoti ya mazingira. Gesi ya AC na hewa chafu wapi na wapi?

Poa fundi. Huyo dogo ana akili, mpe ushirikiano, maana unaweza kukuta wewe peke yako ndio umeshika kipande kikubwa kuliko magari yote ya chuo.

Iko hivi. Gesi ya R-410A kilo moja ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. R-22 ile ya zamani ni 1,810 na juu yake inakula tabaka la ozoni. Geuza iwe dizeli uone, kilo moja ya R-410A iliyopotea hewani ni sawa na kuchoma kama lita 780 za dizeli. Mashine ndogo ya BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupooza) inabeba kama kilo moja hivi, kwahiyo ofisi ya mhadhiri inayojazwa upya mara mbili kwa mwaka inamshinda mhadhiri mwenyewe anayekuja na gari kila siku kutoka Buswelu huko Mwanza. Na hakuna anayeona moshi, ndio ubaya wake.

Na wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba AC haili gesi. Ikiwa imepungua imevuja, basi. Lakini biashara ilivyo sasa, ofisi inapiga simu "haipoozi", fundi anafunga geji, anaona presha iko chini, anajaza, analipwa, anaondoka, na baada ya miezi mitatu anaitwa tena. Fundi hapati hasara, chuo hakijui kinapoteza, kila mtu ameridhika isipokuwa anga. Povu la sabuni kwenye nati za fleya (zile za kuungia mabomba ya shaba) pale nyuma ya kondensa linachukua dakika chache tu, mara nyingi nati ilikazwa kwa nguvu mpaka kikombe cha shaba kikapasuka, au bomba linasugua kwenye bati na kutoboka taratibu. Kata, tengeneza fleya upya, pitisha naitrojeni kupima, vuta vakyumu (toa hewa yote bombani), ndio ujaze. Najua vakyumu pampu wengine hawanunui wanapuliza gesi kidogo kusafisha hewa halafu wanasema tayari, na hiyo ya kupuliza nayo imekwenda hewani.

Kwa ajili ya ripoti wala sio kazi. Pima mtungi wako kwenye mizani kabla ya kujaza na baada ya kujaza, andika tofauti, aina ya gesi na namba ya chumba. Karatasi moja tu. Mwisho wa mwaka unawapa jumla. Na ukiwashauri wakati wa kununua mpya waambie waangalie za R-32, hiyo kilo yake moja ni sawa na kilo 675 tu za hewa ukaa na mashine yenyewe inahitaji gesi pungufu, ila inashika moto kiasi kwahiyo kaisomee kabla ya kuanza kuiunganisha kwa mazoea. Zile gesi kali dunia imeshakubaliana kuzipunguza, ni makubaliano ya Kigali ya 2016, kwahiyo huko mbele bei haitakuhurumia.

Halafu nikuchokoze kidogo kwa yanayokuhusu na yasiyokuhusu. Ukienda Mlimani pale Dar, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukaangalia majengo ya miaka ya 60, hii Nkrumah Hall iliyokuwa kwenye noti ya zamani ya 500 na jamaa zake, utaona kivuli kimefikiriwa, matofali ya matundu, upepo wa baharini unapita upande huu unatokea upande ule. Halafu vyuo vyetu tukaja tukaziba matundu, tukang'oa luva, tukaweka madirisha ya alumini ya kuteleza ambayo yanafunguka nusu tu, chumba kikawa oveni, tukakuita wewe. Chumba cha namna hiyo AC ya BTU 12,000 inakula kama uniti moja na kidogo kwa saa kompresa ikiwa inafanya kazi, feni ya dari inakula chini ya sehemu ya kumi ya hapo. Sisemi ng'oeni AC zote, Mwanza Januari naijua. Nasema kabla hawajaagiza nyingine ishirini mtu afungue yale matundu kwanza.

Mwanangu, mimi nina kibanda cha chakula ndani ya chuo hapa Morogoro, nauza kwa wanafunzi kama mia mbili kwa siku. Tumeambiwa mkaa mwisho, tutumie gesi. Gesi mtungi unaisha haraka na bei ya sahani hawataki nipandishe. Hivi huo mkaa wangu ndio unaoharibu dunia na sio ma-V8 ya wakubwa?

Shikamoo mama. Ya ma-V8 umesema kweli na nimewaambia hao wa kamati hapo juu wayahesabu. Ila na mkaa nao tuuangalie bila hasira.

Agizo lilitoka serikalini, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziachane na kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na mkakati wa taifa unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Wewe na sahani zako mia mbili umo ndani. Sababu ni kwamba kwenye tanuri la udongo la kawaida kilo moja ya mkaa imekula kilo 6 mpaka 10 za mti, na ule moshi wa tanuri una methani ambayo ni mbaya kuliko hewa ukaa yenyewe. Hayo yanatokea huko porini, wewe unaona gunia tu limefika.

Sasa hesabu ya mfuko, maana hiyo ndio uliyouliza. Usilinganishe mtungi na gunia, linganisha kazi. Jiko la mkaa la kawaida linapeleka kwenye sufuria kama sehemu moja ya tano tu ya joto lake, lingine linakwenda hewani na kwenye uso wako. Jiko la gesi linapeleka zaidi ya nusu. Ukipiga yote kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo tatu mpaka nne za mkaa. Chukua bei ya kilo ya gesi pale unaponunua, chukua bei ya kilo nne za mkaa (pima, usikadirie kwa ndoo, ndoo za mkaa zina uongo mwingi), ndio utajua unapata au unapoteza.

Mtungi unaoisha haraka mara nyingi ni maharage, mama. Maharage makavu yanayokwenda jikoni moja kwa moja yatakumaliza. Loweka usiku kucha, funika sufuria, na kama chuo kinakupa umeme nunua presha kuka ya umeme kubwa, maharage na makande humo ni uniti chache tu na gesi unaiacha kwa chapati na kukaangia. Ongea na wenzako wa vibanda vya jirani mnunue gesi kwa mitungi mikubwa pamoja. Na uwaambie chuo hivi, kama wanataka sifa ya kuondoa mkaa basi wakupunguzie pango miezi ya mwanzo, haiwezekani ripoti iwe yao na gharama iwe yako.

Makombo usiyatupe na nailoni, yatenge. Ukiwa Morogoro wafugaji wa nguruwe hawako mbali, watakuja kuyachukua wenyewe. Yakienda dampo yanaoza bila hewa yanatoa methani, na kila kilo ya methani ni kama kilo 28 za hewa ukaa.

Sasa Anko. Niko Eldoret, kamati yetu ya kampasi inataka kuweka sola kwa paa zote ndio tuseme tumepunguza kaboni. Kuna wale wanasema tungoje, wengine wanasema Chuo Kikuu cha Strathmore kule Nairobi walifanya na ikawaokoa. Wewe unaonaje? Na stima ikipotea si sola itashika?

Fiti kabisa. Tuanze na la mwisho kwa sababu ndilo linawashangaza watu baada ya pesa kulipwa: hapana, haitashika. Sola ya kawaida ya kuunganishwa na gridi stima ikipotea nayo inajizima, hata kama jua linawaka saa sita mchana, ni kwa usalama wa mafundi wa Kenya Power wanaoshika nyaya huko nje. Ikiwa mnataka iendelee lazima muwe na betri, au mitambo ya kuiunganisha na jenereta ili jenereta ishike mdundo na sola isaidie kupunguza dizeli. Hiyo iandikwe kwenye tenda tangu mwanzo, ukiiongeza baadaye utalia.

Strathmore waliweka kilowati 600 juu ya mapaa mwaka 2014, na ulikuwa mfano mzuri kweli kwa vyuo vya hapa kwetu. Ila uelewe ni mfano wa nini. Stima ya Kenya karibu asilimia 90 inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Kwa hivyo uniti moja ya sola inayochukua nafasi ya uniti ya gridi inapunguza kaboni kidogo tu, si kama ingekuwa Afrika Kusini wanakochoma makaa ya mawe. Inachopunguza sana ni bili. Kilowati moja ya paneli kwa jua la kwetu inatoa kama uniti 4 kwa siku, na bei ya uniti unaijua. Basi iuzeni kwa uongozi kama mradi wa kuokoa pesa ambao pia ni safi, wasije kamati wakaahidi tani ambazo hazitaonekana.

Kaboni yenu Eldoret mimi ningeitafuta kwa kuni za mesi na boila, kwa dizeli ya jenereta na mabasi. Kampasi nyingi za juu huko bado zinapika na malori ya kuni na hakuna anayeyapima. Pima lori moja kwa mizani ya barabarani, hesabu malori ya mwaka, utashtuka.

Na kabla ya paneli badilisheni taa. Tyubu ya futi nne ya zamani na choki yake inakula kama wati 40, ya LED ni 18. Tyubu elfu moja, masaa 8, siku 250, hizo ni uniti 44,000 kwa mwaka ambazo huhitaji kuzizalisha wala kuzilipia. Paa lenu litahitaji paneli chache. Pia angalieni likizo, Agosti kampasi ikiwa tupu sola itazalisha na hakuna wa kutumia, kwa hivyo pimeni ukubwa kwa mzigo wa mchana wa kawaida, si kwa ukubwa wa paa.

Ndugu Anko, chuo chetu kimepanda miti 5,000 kwa miaka mitatu. Naibu wetu anataka tutangaze kwamba tumefuta kaboni yetu yote. Ni sawa?

Sio sawa, na mwambieni kabla hajaita waandishi wa habari. Mti mkubwa wenye afya mara nyingi unavuta kilo 10 mpaka 25 za hewa ukaa kwa mwaka, mti mkubwa nimesema, sio mche wa jana. Hata tufanye yote 5,000 imepona na imekua, tunazungumzia tani 50 mpaka 125 kwa mwaka, na chuo chenye genereta kadhaa, magari na jiko la kuni kinazidi hapo bila jasho. Halafu yote haijapona. Nendeni Oktoba mwisho wa kiangazi mkaihesabu mmoja mmoja, na muandike iliyo hai. Siku ya kupanda kuna fulana, turubai na mgeni rasmi, siku ya kumwagilia kuna mtunza bustani mmoja na mpira wenye matundu.

Miti pandeni kwa sababu zake nyingine. Profesa Wangari Maathai alipoanza harakati za kupanda miti za Green Belt mwaka 1977 akiwa anafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hoja yake ilikuwa udongo, maji, kuni za akina mama. Kivuli upande wa magharibi wa bweni kinapunguza joto la vyumba, hicho ni kitu unaweza kukipima na kipimajoto cha bei rahisi. Kwenye ripoti miti iwe na ukurasa wake, isitolewe kwenye tani.

Naomba kujua, haya mashindano ya vyuo vya kijani duniani yana maana yoyote au ni ya kulipia?

Lile linalojulikana sana ni UI GreenMetric, lilianzishwa na Chuo Kikuu cha Indonesia mwaka 2010. Wanauliza majengo, nishati, taka, maji, usafiri na elimu. Chuo kinajaza chenyewe na kuambatanisha ushahidi, kwahiyo uzito wake unategemea aliyejaza. Dodoso lao lenyewe ni zuri kama orodha ya mambo ya kukagua, litumieni hata kama hamshindani na mtu. Nafasi ya ngapi mmepata msiihangaikie sana.

Mimi ni mhadhiri. Kamati ya vijana imeandika kwamba safari zangu za mikutano zinachafua kuliko bweni zima. Nimeona kama dharau. Tusisafiri?

Mwalimu, bweni zima labda wametia chumvi, lakini sio sana. Dar mpaka London ni kama kilomita 7,500, kwenda na kurudi kwenye kiti cha kawaida inakuja kama tani moja, na ukiweka athari nyingine za moshi wa ndege kule juu inaweza kukaribia mbili. Kiti cha mbele kule chenye kitanda zidisha mara mbili mpaka tatu.

Hapa mimi niko upande wako kidogo. Mhadhiri wa Afrika akikosa mkutano anakosa na wafadhili na wachapishaji, mwenzake wa Ulaya anapanda treni tu anafika. Ningekata kwanza zile safari za ujumbe wa watu tisa kwenda "kujifunza" jambo ambalo lingeelezwa kwa Zoom kwa saa moja, na vikao vya bodi vinavyohamishiwa Arusha wakati wajumbe wote wanaishi Dar. Ya kwako iliyo na karatasi ya kuwasilisha nenda, ila uirekodi.

Anko shikamoo, mimi ni mlezi wa bweni Mbeya. Wanafunzi wanachemsha maji ya kuoga kwa hita za kuzamisha kwenye ndoo, wengine wanapikia koili chini ya kitanda. Uongozi unasema tukamate zote, tutapunguza umeme. Mwaka jana tulikamata, wakanunua nyingine.

Marahaba mlezi. Watanunua na mwaka huu. Mbeya Juni asubuhi unamwambia mtoto wa watu aoge maji yale ya bomba, wewe mwenyewe unaoga?

Tupige hesabu. Ndoo ya lita 15, maji yametoka nyuzi 15 yanakwenda 40, hiyo ni karibu nusu uniti. Wanafunzi mia tatu kila asubuhi ni uniti 130 hivi kwa siku, na zote zinavutwa kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi kwenye nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na kuchaji simu. Kinachonitisha hapo ni moto kabla ya bili, gusa soketi za korido saa kumi na mbili asubuhi usikie zilivyo za moto.

Mapaa ya Mbeya yana jua zuri na baridi ya asubuhi haihusiani, hita za sola zenye tangi zinapasha mchana na kutunza maji mpaka alfajiri. Anzeni na bweni moja, tangi na bomba la maji moto la kuchotea kwa ndoo pale chini, sio lazima shawa kila mlango. Upande wa kupikia tengeni chumba kimoja kila ghorofa chenye waya mnene, meza ya zege, majiko mawili ya umeme na luku yake ndogo ya kuchangia, watachangia, nyie si mmeona wanavyochangia bando. Kabla ya kuanza sasa hivi some mita ya bweni asubuhi kwa wiki nzima, uandike, na usome tena wiki kama hiyo baada ya tangi kuwekwa, hizo karatasi mbili ndizo utakazompelekea bwana fedha ukitaka la bweni la pili.